Gesi imeingia ndani, je, moshi umetoka? Kivuta moshi cha jikoni na afya ya mtoto wako

Kwa kifupi

- Kivuta moshi kinasaidia pale tu kinapopeleka hewa chafu nje ya nyumba. Kile kinachoirudisha jikoni hupunguza mafuta na harufu, lakini hakiondoi hewa yenye sumu.
- Hakuna kivuta moshi kinachofanya jiko la mkaa liwe salama ndani ya chumba mnacholala.
- Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala usizime kivuta moshi. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje.
- Mtoto anayepumua haraka, au ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta hewa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Nishati safi imefika mtaani

Tarehe 8 Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, Rais alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako serikali na makampuni ziliahidi dola za Marekani bilioni 2.2. Kabla ya hapo, Serikali ilikwishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, nao wamekuwa wakiuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku.

Hapa Sombetini matokeo yake yanaonekana. Mitungi midogo ya gesi inauzwa hadi kwenye maduka ya mtaani. Nyumba mpya zinajengwa na jiko la ndani, makabati ukutani, na juu ya jiko kifaa cha chuma au kioo ambacho wauzaji hukiita kuka hudi. Sisi katika makala hii tutakiita kivuta moshi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi tunayotaka kikufanyie.

Lakini ukiingia jikoni utakuta jambo jingine. Chai ya asubuhi inapikwa kwa gesi, na maharage na makande yanawekwa kwenye mkaa kwa sababu yanachukua saa nyingi na gesi inaisha haraka. Mwisho wa mwezi, mtungi ukiwa mtupu, kila kitu kinarudi kwenye mkaa. Nyumba nyingi hazijahama kutoka mkaa kwenda gesi. Zimeongeza gesi juu ya mkaa.

Hapo ndipo akina mama wanauliza: je, nikifunga kivuta moshi, si naweza kupika na chochote ndani bila wasiwasi? Jibu letu ni hapana, na makala hii inaeleza kwa nini. Inaeleza pia jinsi ya kukifunga, kukitumia na kukitunza ili kikusaidie kweli.

Moshi unamfanya nini mtoto

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka 5. Hapa Tanzania, viongozi wa Serikali wamekuwa wakitaja vifo takribani 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia.

Moshi wa kuni na mkaa umebeba chembe ndogo sana, ndogo kuliko vumbi unaloliona kwenye mwanga wa dirisha. Chembe hizi hupita puani na kooni na kufika ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtoto mdogo madhara ni makubwa zaidi, kwa kuwa mapafu yake bado yanakua na anapumua mara nyingi kwa dakika kuliko wewe. Zaidi ya hayo, mara nyingi yuko mgongoni mwa mama, hatua moja tu kutoka kwenye jiko. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu ya ndani inakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Mama mjamzito anayevuta moshi huo pia yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Gesi ni safi zaidi kuliko mkaa kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo moto wa gesi hutoa naitrojeni dayoksaidi, hewa inayowasha njia ya kupumua na inayoweza kumletea shida mtoto mwenye pumu. Kukaanga samaki au maandazi hutoa moshi wa mafuta hata kama unatumia jiko la umeme. Kwa hiyo hata nyumba iliyoacha mkaa kabisa inahitaji njia ya kutolea hewa.

Tuliyojifunza kutoka Kajiado na Malawi

Kivuta moshi si jambo la nyumba za kisasa tu. Ukivuka mpaka wa Namanga unaingia Kajiado, Kenya. Huko, kati ya mwaka 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, lilifanya mradi wa moshi na afya pamoja na familia za Kimaasai. Akina mama wenyewe walishiriki kuamua nini kijaribiwe: kupanua madirisha, kuacha uwazi chini ya paa, kutumia majiko bora, au kufunga kofia ya bati juu ya moto yenye bomba linalotoka nje kupitia paa. Kofia hiyo haikuwa na umeme wala feni. Moshi wa moto hupanda wenyewe, na kofia kazi yake ni kuukusanya na kuuonyesha njia.

Kofia ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Katika nyumba zilizofungwa, chembe za moshi zilipungua kwa takribani robo tatu. Hayo ni mafanikio makubwa kwa kifaa kinachoweza kutengenezwa na fundi bati. Lakini robo iliyobaki bado ilikuwa nyingi mno. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa chembe laini ni wastani usiozidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa siku, na nyumba zile, hata baada ya kofia, zilibaki mbali sana juu ya kiwango hicho.

Malawi walijaribu njia nyingine. Watafiti waligawa majiko bora ya kuni kwa familia katika vijiji 150, wakafuatilia zaidi ya watoto 10,000, na mwaka 2016 wakatangaza matokeo: nimonia kwa watoto haikupungua. Moja ya maelezo ni kwamba mtoto havuti moshi wa jiko la mama yake peke yake. Anavuta pia moshi wa takataka zinazochomwa, wa sigara na wa jirani.

Mifano hii miwili inatuambia jambo moja. Kifaa kimoja hakitoshi. Kinachomlinda mtoto ni mambo matatu yakiwa pamoja: nishati yenye moshi kidogo, njia ya hewa chafu kutoka, na mtoto kukaa mbali na jiko. Ukikosa moja, mawili yanayobaki yanafanya kazi nusu.

Vivuta moshi si vya aina moja

*Kinachotoa hewa nje.* Kina feni ya umeme na bomba linalopita ukutani au kwenye paa hadi nje. Hiki ndicho kinachofaa kwa jiko la gesi na la umeme.

*Kinachozungusha hewa.* Kina feni lakini hakina bomba la nje. Kinavuta hewa, kinaipitisha kwenye chujio la chuma la kunasa mafuta na chujio la mkaa maalumu la kupunguza harufu, kisha kinairudisha jikoni. Kinapunguza harufu ya vitunguu na mafuta, lakini hakiondoi kaboni monoksaidi, na mvuke wote unabaki ndani. Mafundi wengi hukifunga kwa sababu hakihitaji kutoboa ukuta. Kabla ya kulipa, muulize fundi: hewa inatokea wapi? Akikuonyesha matundu juu ya kifaa chenyewe, basi ni cha kuzungusha.

*Kofia ya bati yenye bomba.* Inafaa kwa jiko la nje au banda la kupikia ambako kuni na mkaa bado vinatumika. Haina umeme. Inataka bomba pana, lililonyooka, linalopita juu ya paa, na kingo za kofia zishuke karibu na moto kiasi cha kukusanya moshi bila kukuzuia kupika. Pale bomba linapopita kwenye paa paachwe nafasi na mbao zisiliguse, maana bomba la moto hukausha mbao na siku moja zinaweza kuwaka.

Kumbuka: kivuta moshi cha umeme hakikutengenezwa kwa ajili ya mkaa wala kuni. Cheche zikipanda na kukuta mafuta yaliyoganda kwenye chujio, zinaweza kuwasha moto ndani ya kifaa. Usiweke jiko la mkaa chini yake.

Kabla ya kufunga

Kazi hii ina umeme na ina kutoboa ukuta, hivyo si ya kujaribu mwenyewe. Tafuta fundi umeme anayejulikana, na simama naye mkihakikisha mambo haya:

1. Urefu kutoka kwenye jiko. Fuata kijitabu cha kifaa. Kwa kawaida ni sentimita 65 juu ya jiko la umeme na karibu sentimita 75 juu ya jiko la gesi. Kikiwa chini sana kinaungua au kuyeyuka. Kikiwa juu sana moshi unakwepa pembeni.
2. Upana. Kisiwe chembamba kuliko jiko lenyewe.
3. Bomba. Liwe la chuma, fupi na lenye kona chache. Lisibanwe likawa jembamba kuliko tundu la kifaa. Kila kona inapunguza nguvu ya feni.
4. Mwisho wa bomba. Litoke nje kabisa. Bomba linaloishia juu ya dari linajaza mafuta na unyevu kwenye mbao za paa. Lisielekee dirisha la jirani wala dirisha la chumba cha mtoto. Sombetini nyumba zimebanana, kwa hiyo zungumza na jirani kabla ya kutoboa.
5. Kilango cha upepo. Mwisho wa bomba uwekwe kilango kinachojifunga feni ikizimwa, na wavu wa kuzuia ndege na panya. Kilango kinazuia upepo kuurudisha moshi ndani.
6. Umeme. Kiwe na soketi yake yenye waya wa ethi, na kiunganishwe kwenye sakiti breka. Usikiunganishe kwenye ekstensheni iliyolala karibu na jiko au sinki.
7. Mahali pa kuingilia hewa. Feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna hewa nyingine inayoingia. Lazima kuwe na dirisha linalofunguka au uwazi wa kudumu ukutani.

Jambo la saba husahaulika sana, na lina hatari yake. Nyumba ikifungwa kabisa na feni ikawa inavuta, hewa itatafutwa popote. Kama kuna jiko la mkaa koridoni, feni inaweza kuvuta hewa yake yenye sumu na kuipitisha vyumbani. Kivuta moshi na mkaa visiwake pamoja ndani ya nyumba moja.

Kukitumia kila siku

Washa feni dakika chache kabla ya kuanza kupika, na uiache iendelee kwa dakika 10 hadi 15 baada ya kuzima jiko. Fungua dirisha kidogo, hasa la upande wa pili wa chumba, ili hewa ipite juu ya jiko. Kama jiko lako lina plate za mbele na za nyuma, kaangia nyuma, kwa kuwa moshi wa plate za mbele hukwepa kifaa kwa urahisi. Funika sufuria.

Mtoto mchanga asikae mgongoni wakati unakaanga. Mwachie mtu mzima mwingine, au mkalishe chumba kingine mahali unapomwona. Kivuta moshi chenye nguvu kiasi gani hakiwezi kumlinda mtoto aliye kati ya jiko na kifaa chenyewe.

Akina mama wengi hukizima kwa hofu ya kumaliza umeme. Hesabu yake ni hii: feni ya wati 150 ikiwashwa saa mbili kwa siku inatumia uniti 0.3, yaani uniti 9 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, ambaye hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi, ni vizuri kuziweka uniti hizo kwenye hesabu mapema. Kama haziwezekani, iwashe wakati wa kukaanga na kuchemsha kwa muda mrefu, na nyakati nyingine tumia madirisha mawili yaliyo wazi. Umeme ukikatika, fungua mlango na dirisha.

Unaweza kujua kama kinafanya kazi bila kipimo chochote. Washa feni jiko likiwa limezimwa, kisha shika kipande cha karatasi laini ya msalani karibu na chujio. Kama karatasi inavutwa na kubaki pale, hewa inavutwa. Ikianguka, chujio limeziba, bomba limeziba, au feni imechoka. Halafu toka nje uangalie mwisho wa bomba: unapaswa kuhisi hewa inatoka. Kama ndani inavuta na nje haitoki kitu, hewa inaishia kwenye dari.

Usafi na matunzo

Mafuta yaliyoganda kwenye chujio yana hatari mbili: yanazuia hewa kupita, na yanawaka.

- Kila wiki: futa sehemu ya nje na kingo za chini kwa kitambaa chenye sabuni. Kifaa kiwe kimezimwa kwenye swichi ya ukutani.
- Kila mwezi: toa chujio la chuma, liloweke kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo, lisugue kwa brashi laini, lisuuze na likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Anayekaanga maandazi au chipsi za biashara alisafishe kila wiki.
- Kila miezi 3 hadi 6: kama ni cha kuzungusha hewa, badilisha chujio la mkaa. Aina nyingi hazioshwi. Zikishiba hazifanyi kazi tena.
- Mara moja kwa mwaka: fundi akague bomba, kilango cha nje na waya. Wakati mzuri ni mvua za masika zikiisha, kabla ya baridi ya Juni.

Kofia ya bati inataka masizi yatolewe kwenye bomba mara kwa mara. Ukiona moshi unarudi chini badala ya kupanda, bomba limejaa.

Usimruhusu mtoto kupanda kwenye kiti kushika kifaa, na usihifadhi sabuni kali za kusafishia mafuta mahali anapofika.

Baridi ya Juni na hewa isiyo na harufu

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu ukishuka kutoka Mlima Meru, usiku ni wa baridi kali, na kuna familia zinazoingiza jiko la mkaa ndani ili kupata joto, milango na madirisha vikiwa vimefungwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Kila baridi inaporudi, kitendo hicho kinaweza kuua watu wa nyumba nzima.

Mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu, moshi hauonekani tena. Wengi hudhani hapo umekuwa salama. Ukweli ni kwamba mkaa mwekundu unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu aliyelala hashtuki. Anaendelea kulala.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuchoka kusiko kwa kawaida. Ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wana dalili hizi kwa wakati mmoja, na jiko linawaka ndani, usifikirie malaria kwanza. Toa kila mtu nje kwenye hewa, kisha nendeni hospitali hata kama mmeanza kujisikia nafuu.

Kivuta moshi hakitatui jambo hili. Umeme unaweza kukatika usiku na feni ikasimama wakati mkaa unaendelea kuwaka. Kwa joto la usiku tumia mablanketi, nguo za tabaka, na mtoto mchanga akumbatiwe ngozi kwa ngozi na mama yake akiwa macho. Jiko la mkaa lizimwe na likae nje.

Ukisikia harufu ya gesi

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Inashuka na kutanda sakafuni, chini ya meza na kabatini. Kivuta moshi kiko juu, hivyo hakiiondoi. Na swichi yake inaweza kutoa cheche ndogo inayotosha kuilipua. Kwa hiyo:

1. Usiwashe wala usizime swichi yoyote: taa, feni au kivuta moshi. Usiwashe kiberiti. Usipige simu ukiwa ndani.
2. Funga regulata ya mtungi kama unaweza kuifikia kwa usalama.
3. Fungua milango na madirisha.
4. Toa watoto na wazee nje.
5. Ukiwa nje, mbali na nyumba, piga 114, namba ya bure ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Na kama mafuta ya kukaangia yameshika moto, usimwage maji, maana mafuta yataruka na moto utasambaa. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko na uache ipoe. Kama swichi ya kivuta moshi inafikika bila kupitisha mkono juu ya moto, kizime pia, kwa sababu feni inavuta mwali juu kuingia kwenye bomba.

Kama umepanga

Familia nyingi za Sombetini zinaishi kwenye vyumba vya kupanga, wapangaji kadhaa wakichangia korido moja na uwanja mmoja. Huwezi kutoboa ukuta wa mtu. Bado kuna ya kufanya.

Kabla ya kulipa kodi, uliza tunapikia wapi, na angalia kama mahali hapo pana uwazi wa kutoka nje. Chumba chenye dirisha moja linalotazama korido hakifai kupikia. Mkiwa wapangaji wanne au watano, mwombeni mwenye nyumba kwa pamoja atengeneze banda la kupikia uani lenye kofia ya bati na bomba. Mama mmoja akiomba ni rahisi kukataliwa, lakini nyumba nzima ikiomba anasikiliza. Wakati mnasubiri, pikieni uani, chini ya paa lisilo na kuta, na vyakula vya muda mrefu kama maharage vilowekwe usiku ili vipikwe haraka. Jiko la presha la umeme likipatikana, hata la kuchangia, ndilo linalofaa zaidi kwa maharage na makande, kwa kuwa halitoi moto wala moshi.

Mkakati unahesabu majiko, tuhesabu na madirisha

Tunaunga mkono mkakati wa taifa. Kila mtungi unaochukua nafasi ya gunia la mkaa unapunguza moshi kwenye mapafu ya mtoto fulani. Wasiwasi wetu ni jinsi mafanikio yanavyopimwa. Mitungi iliyogawiwa ni rahisi kuhesabu. Lakini mtungi ulioisha tarehe 20 na haukujazwa hadi mshahara mwingine bado unahesabiwa kama nishati safi, na gesi inayowaka kwenye chumba kisicho na dirisha inahesabiwa sawa na ile iliyo kwenye jiko lenye hewa.

Tunaona mambo mawili yanaweza kufanyika karibu na nyumbani. Halmashauri ya Jiji inapokagua ramani kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, iangalie mahali pa kupikia na njia ya hewa kwa kila familia itakayoishi humo, zikiwemo nyumba za kupangisha. Na kwenye mkutano wa mtaa, pale ajenda ya nishati safi inapoletwa, mama aulize: tunapewa jiko, je, nani anaangalia hewa inatoka wapi? Ni swali dogo, lakini tukilirudia kila mkutano litaingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Lini umpeleke mtoto kituo cha afya

Mtoto akiwa na kikohozi au shida ya kupumua, mtulize, mfunue kifua, na hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mpeleke siku hiyo hiyo kama anapumua:

- mara 60 au zaidi kwa dakika, akiwa chini ya miezi 2;
- mara 50 au zaidi, akiwa na miezi 2 hadi 11;
- mara 40 au zaidi, akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Mpeleke haraka, bila kusubiri kuhesabu, kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, midomo imekuwa ya bluu, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, au amepata degedege. Ukifika, mwambie mhudumu mnapikia nini na wapi. Ni habari itakayomsaidia kumtibu mwanao, na kumshauri vizuri kabla hamjarudi kwenye jiko lile lile.